Harufu ikae kwenye shanga, isikae kwenye ngozi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo kuhusu mapambo ya kunukia, yaani bangili, vidani na hereni zinazotiwa mafuta mazuri na kuvaliwa kila siku. Hapa Dar es Salaam yanauzwa Kariakoo vibandani, na Mwenge kwenye vinyago yapo ya mbao na ya mawe. Kinachokosekana ni maelezo. Mnunuzi anapewa bangili na kichupa cha mafuta kisicho na jina, anaambiwa "unatia kidogo tu," basi. Hiyo kidogo ni matone mangapi, inatiwa wapi na inatiwa saa ngapi, hakuna anayesema. Ndiyo maana watu wanatokwa na upele shingoni, mashati meupe yanaingia madoa ya kahawia, bangili zinakatika kabla ya mwezi kwisha, na wenye pumu wanapata taabu ndani ya mabasi ya mwendokasi.

Pambo la kunukia si jambo geni Pwani. Kikuba ni pambo la kunukia. Asmini, majani ya mrihani na vipande vya mkadi vinafungwa pamoja na kuchomekwa kifuani au kwenye nywele, na harufu inatoka kwenye ua, ngozi haiguswi na chochote. Mabibi zetu walilijua hilo bila kuandikiwa. Tukilishika hilohilo kwenye bangili za siku hizi, shida nyingi tulizozitaja zinaondoka.

Tuanze na shanga yenyewe. Shanga inayoshika harufu ni ile yenye vitundu. Ni habari ileile ya mtungi wa udongo: maji yanapenya polepole hadi nje, yanakauka, na yaliyobaki ndani yanapoa. Mafuta nayo yanaingia kwenye vitundu vya shanga na kutoka kidogo kidogo kwa joto la mwili. Kwa hiyo shanga za udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa zinafaa sana, na shanga za lava zinafaa, kwa kuwa lava ni jiwe la volkano lililoganda likiwa limejaa mapovu ya gesi. Kioo, plastiki na chuma havinyonyi kitu. Mafuta yakitiwa juu yake yanateleza moja kwa moja hadi kwenye ngozi.

Lava nyingine zinauzwa zikiwa zimepakwa nta au rangi ili zing'ae. Dondosha tone la maji juu ya shanga. Likikaa limeviringika kama umande kwenye jani la mgimbi, shanga imezibwa. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, isugue kwa mswaki mlaini, ianike siku nzima, kisha ijaribu tena. Likiendelea kuviringika, hiyo ni shanga ya kutazamwa tu. Na mtu akikwambia lava yake imetoka Ol Doinyo Lengai, usikubali haraka. Lava ya mlima ule ni ya aina ya pekee yenye sodiamu nyingi, inatoka nyeusi na ikipata unyevu inageuka nyeupe na kumeng'enyeka. Haichongeki ikawa shanga ya kuvaliwa kwenye jasho.

Kwenye mbao, mpingo ni mzuri wa macho lakini kwa kazi hii haufai. Ni mti mzito unaozama majini, umeshikana mno, hauna pa kuingiza mafuta. Msandali unanukia wenyewe bila kutiwa chochote, ila uwe mwangalifu mara mbili. Kwanza, shanga nyingi zinazoitwa za msandali ni mbao ya kawaida iliyonyunyiziwa manukato. Kwangua ndani ya tundu kwa ncha ya pini halafu nusa ule unga. Msandali wa kweli unanuka vizuri zaidi hapo ndani kuliko nje. Pili, msandali wa Afrika Mashariki umekatwa sana porini, na tangu 2013 umo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Muulize muuzaji umetoka wapi. Ukiona anababaika, chukua udongo.

Sasa kipimo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Bangili ya mkono wa sentimita 16 inahitaji urefu wa kama sentimita 17 na nusu ili isibane, sawa na shanga 22 za milimita 8. Zisiwe zote za lava. Tatu, au tano zikizidi, zinatosha, nyingine ziwe za kioo, mbegu au mbao ngumu. Ukiweka zote 22 za lava utashawishika kutia mafuta kote, na utakuwa umefunga mkononi dawa kali kuliko ngozi inavyoweza kustahimili. Kwa shanga hizo tatu, tone moja la mafuta halisi linatosha kwa siku, mawili kwa siku ya joto kali. Mililita 1 ni kama matone 20, kwa hiyo kichupa cha mililita 5 kina matone kama 100, na mtu anayetia tone moja kwa siku anakaa nacho zaidi ya miezi mitatu. Aliyekimaliza ndani ya wiki mbili anatia matone saba kwa siku, na hapo lazima ngozi au pua ya mtu iumie.

Tone lisitiwe bangili ikiwa mkononi. Ivue, iweke juu ya kitambaa, gusisha mafuta kwenye shanga moja moja kwa ncha ya kijiti cha pamba, iache nusu saa, kisha ifute kwa upande mkavu wa kitambaa. Kinachofutika ndicho ambacho kingeunguza ngozi. Nusu saa hiyo haikucheleweshi kazini: tia mafuta unapoingia kuoga, vaa unapotoka mlangoni. Losheni ipakwe kwanza na ikauke, nguo zivaliwe, pambo liwe la mwisho. Losheni ikifika kwenye lava inaziba vitundu, na sabuni ya kuogea nayo inaziba, ndiyo maana bangili ya kunukia haiogwi nayo wala hailaliwi nayo.

Wengine, wakishasikia mafuta makali yanatakiwa kuzimuliwa, wanayachanganya na mafuta ya nazi na kuyamimina kwenye shanga. Tunaelewa nia yao, ila hapo wanajiharibia. Mafuta ya manukato yanaruka hewani, mafuta ya nazi hayaruki. Yanabaki kwenye vitundu, yanachacha, na baada ya muda shanga inanuka mbata mbovu, haitoki hata ukiiosha mara tatu. Kuzimua ni kwa ajili ya ngozi. Ukitaka kujipaka nyuma ya masikio, chukua mililita 10 za mafuta ya nazi au ya alizeti na matone 4 ya manukato, hiyo ni asilimia 2. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe. Kwa shanga ni tone safi, moja, lililokwisha kunyweka.

Kwa mwenye ngozi nyepesi kudhurika tunashauri njia ya kopo, na kwa kweli sisi tunaipenda kuliko zote. Tafuta kopo la bati au chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ya nusu lita hivi. Weka pamba ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba ndani ya kizibo cha soda, idondoshee matone matatu, kizibo kikae chini ya kopo. Juu yake tandika kipande cha shashi ili bangili isiguse pamba. Ukirudi kazini futa jasho kwenye bangili, itie ndani, funika. Asubuhi inanukia, na hakuna tone lililogusa shanga wala mkono. Matone yanaongezwa kila baada ya siku tatu au nne. Kopo la plastiki halifai, linashika harufu zote na kuzichanganya, tena mafuta ya karafuu yanaweza kuilainisha plastiki.

Kwa njia hii hata uzi unashika harufu, hasa uzi wa pamba. Wenye chetezo nyumbani wanaweza kutumia moshi: makaa yakishatulia, tia kijiti cha udi au punje mbili za ubani, ning'iniza kidani juu ya moshi kama kipimo cha rula, dakika tano hadi kumi. Pamba na mbao zinapokea moshi vizuri. Kioo kinatoka na masizi.

Joto la Dar lina hukumu yake. Kuanzia Desemba hadi Machi, mchaichai au limao uliotiwa saa moja asubuhi umekwisha kabla ya adhuhuri, kwa kuwa ni harufu nyepesi zinazoruka upesi. Nzito kama udi, msandali na pachuli zinafika jioni. Anayependa harufu nyepesi aitie juu ya nzito: tone moja la msandali usiku, nusu yake ya langilangi asubuhi. Langilangi, ua ambalo Comoro inajulikana kwalo, usizidishe, likizidi linaumiza kichwa.

Pua nayo inazoea. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini mvaaji hasikii tena harufu yake mwenyewe, anadhani imekwisha, anaongeza. Anaongeza tena saa nne, tena mchana. Jirani yake ofisini amekwishavimba macho, yeye anaamini hanukii. Ukishatia asubuhi usiongeze hadi kesho. Ukiwa na shaka muulize mtu wa nyumbani anayeingia kutoka nje, maana pua yake haijazoea. Kipimo chetu ni hiki: ukiinua mkono usoni uisikie, mtu aliye umbali wa mkono mmoja asiisikie. Kwa kipimo hicho pambo la kunukia ni la adabu kuliko marashi ya kupuliza ndani ya basi lililojaa. Wodini kwa mgonjwa liache nyumbani, na jikoni livue kabla ya kukanda unga.

Tunataka kusema kwa kirefu kidogo juu ya kidani cha karafuu, kwa sababu ndicho cha bei ndogo, ni cha kwetu, na hakihitaji kichupa chochote. Karafuu ya Pemba inapatikana sokoni kwa vipimo vidogo. Chagua yenye kichwa, nyekundu ya kahawia, isiyo na vumbi. Ibinye kwa ukucha, ikitoa unyevu wa mafuta ni nzuri. Jaribu nyingine kwenye glasi ya maji: karafuu yenye mafuta yake inazama au inasimama wima, iliyokwisha kukamuliwa inaelea imelala. Nunua gramu 50, zitabaki za pilau.

Karafuu kavu ukiichoma sindano inapasuka, kwa hiyo iloweke kwenye maji ya kawaida saa sita hadi nane. Maji ya moto yanailainisha haraka lakini yanaondoka na mafuta, utajua kwa harufu itakayojaa jikoni badala ya kubaki kwenye karafuu. Ikishalainika toboa kikonyo kwa upana, chini kidogo ya kichwa, kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta. Weka karafuu tatu, shanga moja ya kioo, karafuu tatu tena. Usizibane, kwa sababu zikikauka zinasinyaa, na zikiwa zimebanana mno hewa haipiti katikati na ukungu unaanzia hapo. Anika kivulini siku mbili au tatu. Jua kali linapoteza harufu uliyoifuata. Wakati wa masika weka mbele ya feni na kigeuze asubuhi na jioni, maana unyevu wa Aprili hapa Dar unaotesha ukungu hadi kwenye viatu vya kabatini.

Kidani hicho kinanukia miezi mingi. Kikififia hakitaki mafuta, kifute kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa uvuguvugu, kikaushe, harufu inarudi. Ila kivaliwe juu ya nguo. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, ndiyo inayotia ganzi kwenye jino bovu, na ikikaa na jasho kwenye shingo inaleta muwasho na wekundu. Jasho hilohilo linatoa rangi ya kahawia kwenye karafuu, na kwenye kanzu nyeupe au shati la shule haifuliki kirahisi. Kivae juu ya kanga au kitambaa cha rangi ya kiza.

Asmini ni ya jioni. Matumba yachumwe alasiri yakiwa bado yamefumba, yatungwe kupitia kwenye kikonyo, yatafumbuka yenyewe magharibi yakiwa tayari shingoni. Ukisubiri yafumbuke ndipo utunge, petali zinachubuka na kuwa kahawia kabla ya isha. Yakisubiri yafungwe kwenye jani la mgomba lililolowa, si kwenye mfuko wa plastiki, ambamo yanatoka jasho na kuoza.

Kuhusu uzi na madini tuseme machache. Lastiki inavimba na kulegea kwa mafuta, ndiyo maana bangili zinakatika upesi. Tumia mshipi wa kuvulia au uzi wa nailoni, fundo lifungwe mara tatu. Shaba ikipata mafuta na jasho la chumvi inaota kijani. Cheni ya kupakwa dhahabu inabanduka. Lulu, marijani, kaharabu na feruzi zisitiwe tone hata moja, zinaharibika rangi na mng'ao wake haurudi. Hereni za bei rahisi zina nikeli, na sikio likiwasha watu wanalaumu mafuta wakati kosa ni la chuma. Badilisha kindoano kiwe cha fedha halisi au cha chuma kisichoshika kutu, uone.

Ngozi ijaribiwe kabla. Tia yale mafuta yaliyozimuliwa kwenye kunjo la mkono kwa ndani, subiri saa 24. Mdalasini, karafuu na mchaichai ndiyo makali zaidi. Limao na ndimu zina tatizo lingine: mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda yake yakiwa kwenye ngozi na jua la saa saba likayakuta, yanaunguza na kuacha doa jeusi linalodumu. Anayeuza barabarani kutwa asivae limao mkononi.

Mama anayenyonyesha avue kidani. Pua ya mtoto inalala palepale kifuani, na shanga iliyokatika ni ya kumkaba. Mkaratusi na mnanaa mkali visiwe kabisa karibu na uso wa mtoto mchanga.

Kuna uongo mmoja unaotuumiza sana. Bangili za mchaichai zinauzwa kwa wazazi kuwa zinafukuza mbu. Haziukingi mwili. Zikifanya kazi basi ni hapo hapo penye bangili, mguu na shingo vinabaki wazi. Jiji hili limepata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anauma mchana, mtoto akiwa shuleni na bangili yake. Malaria bado ipo. Chandarua kibaki kitandani, dawa ya kupaka iliyoidhinishwa ipakwe, bangili iwe ya harufu tu. Vivyo hivyo kwa wanaoambiwa shanga fulani inashusha presha: endeleeni na dawa zenu na kliniki zenu.

Mafuta feki yanajulikana kwa karatasi nyeupe. Dondosha tone, acha hadi kesho. Mafuta halisi mepesi yanaruka na kuacha karatasi safi au kivuli hafifu, yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia yanaacha duara linalong'aa kama karatasi ya maandazi. Udi na msandali, kwa uzito wake, vinaweza kuacha alama, hivyo kipimo hiki ni cha mchaichai, mkaratusi na jamii hiyo. Mafuta halisi yanawekwa kwenye kioo cha rangi ya kiza, si plastiki.

Vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na kichupa cha mafuta ya kujipaka hakina sababu ya kuzunguka mjini bila maandishi. Kwa wauzaji wenzetu, ombi letu ni karatasi ndogo tu ndani ya kila kifuko: jina la mmea, kama mafuta ni halisi au ya kutengenezwa, uzi ni wa nini, na maneno "tone moja, subiri nusu saa, futa, ndipo uvae." Karatasi moja ya A4 inatoa vipande 16. Na kwako Mhariri, ukurasa wako wa urembo wa mwisho wa wiki ukionyesha tena bangili hizi, tafadhali chapisheni kipimo hicho chini ya picha.

Watunga shanga,
Ilala, Dar es Salaam